Shilingi ya elimu iende wapi kwanza: darasa jipya, KKK au kisomo cha watu wazima?

Kila msimu wa bajeti unapofika, kuanzia mkutano mkuu wa kijiji hadi Baraza la Madiwani, mazungumzo ya elimu huishia kwenye saruji na mabati. Anayeomba darasa anaeleweka mara moja. Anayeomba vitabu vya hadithi kwa ajili ya darasa la kwanza anasikilizwa kwa adabu, kisha ajenda inasonga. Fedha za kisomo cha watu wazima mara nyingi hazina hata wa kuzisemea.

Nimeandika ulinganisho huu kwa wanaokaa kwenye vikao hivyo: mjumbe wa kamati ya shule, diwani, mwenyekiti wa mtaa, mzazi anayetaka kumuuliza mtendaji swali lenye uzito. Nachukua Tanzania Bara, na ninaweka mezani matumizi matatu yanayogombania mfuko mmoja: kujenga madarasa, kuimarisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) kwa darasa la kwanza na la pili, na kufufua kisomo cha watu wazima. Kipimo changu ni kimoja kwa yote matatu. Fedha zikishatumika, ni watu wangapi zaidi watakaoweza kusoma ukurasa mmoja na kueleza walichosoma?

Mishahara ya walimu na mikopo ya elimu ya juu nimeviacha nje. Ni mafungu makubwa sana. Mikopo peke yake ilifikia Sh bilioni 654 mwaka wa fedha 2022/23. Lakini hayo huamuliwa Dodoma. Hapa tuzungumzie fedha ambazo sauti ya mwananchi inazifikia: mapato ya ndani ya halmashauri, mfuko wa jimbo, michango ya hiari na ruzuku inayoingia kwenye akaunti ya shule.

Hesabu ya shule moja

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, Serikali hutuma fedha kila mwezi moja kwa moja shuleni. Zilianza na Sh bilioni 18.77 kwa mwezi kwa nchi nzima. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka: Sh 6,000 zinakwenda shuleni na Sh 4,000 zinabaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu.

Kiwango hicho kina historia. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM wa mwaka 2002 hadi 2006, kilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto, na wakati huo dola 10 zilikuwa karibu sawa na Sh 10,000. Shilingi 10,000 imebaki ileile. Leo haifiki hata dola 5, wakati chaki, karatasi za mitihani na kufuli la ofisi vimepanda bei mwaka hadi mwaka.

Chukua shule ya watoto 500. Sh 6,000 mara 500 ni Sh milioni 3 kwa mwaka, yaani Sh 250,000 kwa mwezi kwa chaki, mitihani, michezo, ukarabati na utawala. Sasa weka pembeni yake chumba kimoja cha darasa kwa Sh milioni 20, bei iliyotumika nchi nzima mwaka 2021. Darasa moja ni karibu miaka saba ya fedha zote za uendeshaji zinazoifikia shule hiyo. Nawaomba wajumbe waende na hesabu hiyo kikaoni, kwa sababu inaonyesha jinsi fedha za kufundishia zilivyo nyembamba, na jinsi nyongeza ndogo upande huo inavyoweza kubadilisha mambo.

Darasa jipya

Hakuna anayeweza kubeza ujenzi aliyewahi kuona watoto wa darasa la kwanza wakiandika mchangani chini ya mwembe. Mwaka 2016 michango ya lazima ilipoondolewa, walioandikishwa darasa la kwanza walikaribia milioni 2, na vyumba vilibaki vilevile. Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zile tunazoziita fedha za Uviko, kujenga vyumba 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo za karibu na makazi zilizo chini ya shule mama. Sehemu kubwa ilijengwa na mafundi wa hukohuko vijijini chini ya kamati za wananchi, kwa muda mfupi. Shule shikizi hasa zimeokoa watoto wadogo waliokuwa wakivuka mito na mapori kwenda shule mama. Mtoto wa miaka sita asiyeweza kufika shuleni hawezi kufundishwa KKK kwa namna yoyote ile.

Kwa hiyo darasa linanunua nafasi. Linadumu miongo, halihitaji kusimamiwa kila wiki, na likishapauliwa kila mtu analiona. Udhaifu wake ni kwamba linanunua nafasi tu. Chumba kipya kisicho na mwalimu wa ziada hakipunguzi msongamano: watoto 120 wenye mwalimu mmoja bado ni watoto 120, na chumba cha pili kinafunguliwa siku ya mtihani au kinageuka stoo.

Upo pia mgawanyo wa ndani ya shule ambao wajumbe wengi hawauangalii. Shule nyingi zimejaa chini na ni nyepesi juu. Darasa la kwanza na la pili wanabanana zaidi ya mia chumba kimoja, wakati darasa la saba wapo 40 kwenye chumba kizuri, wenye madawati, na mwalimu hodari kuliko wote, kwa sababu kuna mtihani wa taifa. Kabla ya kupitisha Sh milioni 20, muulize mwalimu mkuu kila chumba kina watoto wangapi, si shule nzima ina wangapi. Wakati mwingine kubadilishana vyumba, au kuwaingiza darasa la kwanza asubuhi na la pili mchana, kunaondoa tatizo bila hata mfuko mmoja wa saruji.

KKK: vitabu, mwalimu na ufuatiliaji

Hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza, na nitaeleza kwa kirefu kwa nini.

Utafiti wa mwaka 2010 uitwao Uwezo, unaopima kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu, uligonga nyumba kwa nyumba ukiwapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kuisoma. Watoto hao walikuwa wameandikishwa, wana sare, wanahudhuria. Nafasi walikuwa nayo. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo ili muda mwingi uende kwenye KKK. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, lakini mtaala hauwezi kujifundisha wenyewe.

Ukitaka kuona tatizo kwa macho yako, ingia darasa la pili mwezi wa Septemba. Mwalimu anapitisha fimbo chini ya maneno ubaoni na darasa zima linaitikia kwa sauti moja: ba, be, bi, bo, bu, baba, babu, bibi. Inapendeza kusikiliza. Kisha mwite mtoto mmoja pembeni, umpe sentensi ambayo haiko ubaoni, kwa mfano “Bibi amebeba kikapu cha mboga.” Wapo watakaosoma. Wapo watakaotaja herufi ya kwanza na kukisia neno zima. Na wapo watakaokuangalia usoni wakisubiri uanze wewe ili waitikie, kwa kuwa huko darasani ndivyo wanavyofanya kila siku na hakuna aliyewahi kuwasikiliza mmoja mmoja.

Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, kumpa kitabu ashike mwenyewe, na kumpa mwalimu mwongozo wa somo la leo na la kesho ni kazi za bei ndogo. Jirani zetu Kenya walilifanya hilo kwa mapana kuanzia 2015 kupitia mpango wa Tusome: kila mtoto kitabu chake, kila mwalimu mwongozo wake, na maofisa wa elimu kuingia madarasani wakiwa na vishikwambi kurekodi watoto wanasomaje. Mambo matatu yalikwenda pamoja. Majaribio ya kabla ya Tusome yalikuwa yameonyesha kwamba semina za walimu bila vitabu na miongozo hazifiki mbali.

Sisi wenyewe tuna ushahidi wa hapa nyumbani ambao ungepaswa kusomwa katika kila baraza. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio liitwalo KiuFunza kwenye shule 350. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mtoto moja kwa moja kwenye akaunti, pasipo kupita kokote. Kundi la pili halikupewa ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa Sh 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo, na mwalimu mkuu Sh 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Baada ya miaka miwili, shule zilizopewa fedha peke yake hazikuwa zimeongeza ujuzi wa watoto kwa kiasi kinachopimika. Zile za bonasi peke yake zilionyesha matokeo kidogo, tena ya mchanganyiko. Zilizopata fedha na motisha kwa pamoja zilipanda kwa wazi, kuliko ukijumlisha athari za kila kimoja.

Somo lake kwa mjumbe wa bajeti ni kali. Fedha zikifika shuleni bila mtu yeyote kuulizwa kama watoto wanasoma, zinanunua vitu. Mwalimu akiwekewa motisha bila vitabu wala chaki, anabaki na nia nzuri na ubao mtupu. Yote mawili yanahitajika, na halmashauri inaweza kufanya sehemu yake bila kusubiri bonasi kutoka taifani: kumpanga mwalimu mzuri darasa la kwanza na kumwacha hapo, kutambua hadharani shule iliyopandisha wasomaji wa darasa la pili kama tunavyotambua shule zenye wastani mzuri wa darasa la saba, na kumwezesha mratibu elimu kata mafuta ya pikipiki ili afike darasani badala ya kuishia ofisi ya mwalimu mkuu. Hata vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikwenda kwa walimu. Kurekodi majina ya watoto wasiosoma ni kazi inayoviweza.

Udhaifu upo. Vitabu vinachakaa na vinapotea, na shule nyingine huvifungia kabatini ili mkaguzi akija avikute vipya. Ufuatiliaji unalala mtu mmoja akihamishwa. Tena hakuna cha kukatia utepe. Diwani anayepigania vitabu atapata tabu kuonyesha kazi yake siku ya kampeni. Anayechagua njia hii ajue anachagua kazi ya kila mwezi.

Kisomo cha watu wazima

Nchi hii iliwahi kuongoza Afrika kwa jambo hili. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 67. Mtihani wa kitaifa wa 1975 uliwakuta wamebaki asilimia 39, wa 1977 asilimia 27, wa 1981 asilimia 21, na ule wa 1986 wakawa chini kidogo ya asilimia 10. Watu walisomea chini ya miti, kwenye maghala ya ushirika na kwenye madarasa ya watoto jioni. Vitabu vilizungumzia kazi zao: mkulima wa Kanda ya Ziwa alijifunza kusoma kwa pamba na uvuvi, wa Kagera kwa mgomba, wa Pwani kwa nazi na korosho. Redio ilibeba mzigo pia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, kwa posho ndogo tu. Ndiyo maana naiita njia ya gharama ndogo. Kilichoiangusha ni uhaba wa fedha wa miaka ya 1980, posho kusimama, na magazeti ya vijijini na maktaba za kijiji kufa. Aliyejifunza kusoma na asipate cha kusoma husahau. Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, wenye miaka 15 na zaidi, ni kama asilimia 78. Tulirudi nyuma, na wengi walioachwa ni wanawake wa vijijini.

Miundo haijafa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo tangu 1975, mpango wa MEMKWA upo kwa watoto walioikosa shule, ule wa MUKEJA upo kwa watu wazima, na tangu mwishoni mwa 2021 wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Kinachokosekana katika halmashauri nyingi ni mstari wenye fedha halisi kwenye bajeti.

Naipa kisomo nafasi ya pili kwa sababu ya mama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mama anayeweza kusoma anamkagulia mtoto daftari, anasoma ubao wa matangazo wa shule na kuona ruzuku iliyoingia mwezi huu, anasoma kibandiko cha dawa na mkataba wa mkopo wa kikundi. Anafaidika mwaka huohuo, wakati mtoto tutamngoja miaka kumi. Ugumu ni mahudhurio. Msimu wa kupalilia na kuvuna darasa hubaki na watu watatu, wanaume huona aibu kukaa na wake zao, na mwezeshaji asipolipwa miezi miwili anaondoka. Darasa la kisomo likipangwa kwa kalenda ya kilimo na kuunganishwa na kikundi kilichopo tayari, cha VICOBA (kuweka na kukopa) au cha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, linadumu zaidi kuliko lililoanzishwa kwa tangazo la mtendaji.

Milioni 60 zikiwa mezani

Tuseme halmashauri imepata Sh milioni 60 za mapato ya ndani kwa elimu. Bei nitakazotumia, ukiacha ile ya darasa, ni za mfano. Weka za kwenu.

Zote zikienda kwenye ujenzi, ni madarasa matatu. Kwa kiwango cha watoto 45 kwa chumba, ni nafasi 135 zitakazodumu miongo, mradi walimu watatu wapatikane.

Sh milioni 20 zikienda KKK, kwa kitabu cha hadithi cha Sh 4,000, unapata vitabu 4,000 kwa Sh milioni 16. Shule 10 zenye watoto 200 kila moja katika darasa la kwanza na la pili, kila mtoto anapata vitabu viwili. Sh milioni 4 zinazobaki ni mafuta ya waratibu na karatasi za upimaji kila muhula. Watoto 2,000 wameguswa, na kundi lijalo litavikuta vitabu vilivyotunzwa.

Sh milioni 20 zikienda kisomo, kwa posho ya Sh 50,000 kwa mwezi kwa miezi 10, madarasa 30 yanagharimu Sh milioni 15, na Sh milioni 5 ni za vitabu, chaki na taa. Darasa likiwa na watu 25, ni watu 750.

Mimi ningegawa hivi: Sh milioni 20 KKK, Sh milioni 20 kisomo, na Sh milioni 20 darasa moja tu, pale ambapo watoto wa darasa la kwanza au la pili wanakaa nje hata baada ya kupanga vyumba upya na zamu mbili. Kata yenye watoto wanaotembea zaidi ya saa moja kwenda shule, au wanaovuka mto masika, isinifuate. Huko shule shikizi ndiyo shilingi ya kwanza, kwa kuwa KKK haina pa kuanzia. Kata ya mjini yenye vyumba vya kutosha na wazazi wengi wanaosoma inaweza kuhamishia fedha za kisomo kwa vijana walioacha shule. Lakini kata ya kawaida ya vijijini, yenye majengo yanayosimama na watoto wa darasa la tatu wasiosoma, sioni sababu ya kuinunulia chumba cha nne kabla ya kitabu cha kwanza.

Uamuzi wowote mtakaofikia, muhtasari wa kikao uandike mambo mawili pamoja na kiasi cha fedha: jina la atakayewapima watoto wa darasa la pili na wanakisomo kwa aya ambayo hawajawahi kuiona, na mwezi ambao matokeo ya kila shule yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na taarifa ya ruzuku.